Dakika Hamsini na Tano

Hamjambo mliokaa, hamjambo mliosimama. Mwenye redio aipunguze kidogo. Mwenye kikohozi akohoe sasa hivi amalize. Habari yenyewe ni ya ndege, na ndege ina kelele zake za kutosha, haihitaji na zetu. Mmetulia? Haya.

Kijiwe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, ukutani mwa duka la vifaa vya ujenzi. Ng'ambo ya barabara kuna uzio wa waya, na nyuma ya uzio kuna uwanja wa ndege. Msije mkaona makubwa. Ni njia moja ya kurukia, jengo moja la bati la bluu, na ile soksi ya kuonyesha upepo, ambayo imechanika hadi inaonyesha upepo wa mwaka juzi. Geti liko ukizunguka kona ya uzio, mwendo wa dakika tatu, nne ukiwa na mzigo. Ndege inatua moja kwa siku, siku nyingine mbili, siku nyingine hakuna, na hakuna anayeombwa radhi. Shangazi anakaa mwanzo wa ubao, kwenye kigoda, na jiko lake la mkaa, birika na vikombe. Anayemfuata ni Rubani, ambaye ni mpaka rangi wa nyumba. Alipanda ndege mara moja tu, miaka kumi na moja iliyopita, akashuka na jina hilo na hajalivua. Kisha Diwani, mpiga pasi, aliyegombea udiwani akashindwa vibaya, lakini cheo akabaki nacho kwa sababu hakuna aliyekuja kumnyang'anya. Mwisho wa ubao, karibu na sanduku lake la nyundo na gundi, anakaa fundi viatu, Soli.

Asubuhi hiyo Soli alikuja na karatasi. Hakuikunja. Aliibeba kwa mikono miwili kutoka duka la kuchapisha, kama mtu aliyebeba sahani ya mchuzi uliojaa hadi ukingoni. Wenzake walipomwona wakajua kuna jambo, maana Soli si mtu wa kutembea taratibu.

Mjue kwanza kwamba Soli alijifunza kusoma akiwa na miaka hamsini na sita. Nyumbani kwake msomaji alikuwa mkewe. Mkewe ndiye aliyesoma ujumbe wa watoto kwenye simu, maelekezo ya dawa, hata majina ya wateja yaliyoandikwa kwa chaki chini ya viatu. Macho yake yakaanza kuingia ukungu. Siku moja alimpa Soli chupa ya dawa ya kikohozi, akasema, "Baba, mimi basi. Soma wewe." Soli aliishika ile chupa mpaka ikapata joto. Kesho yake akajiandikisha darasa la watu wazima, akakalia dawati moja na muuza mboga mmoja, mama wa makamo, aliyemzidi kwa kila somo na hakuona haya kumwambia. Miaka miwili. Sasa anasoma. Anasoma mifuko ya saruji, makopo ya rangi, tangazo la kutoegesha gari. Na akishakisoma kitu Soli anakiamini, kwa sababu kimemtoa jasho.

Siku hiyo mkewe alikuwa anarudi. Alikwenda mji wa pili kutolewa mtoto wa jicho, jicho la kulia. Kwenda alikwenda kwa basi, saa kumi njiani. Kurudi, daktari akakataa: jicho lililotoka kupasuliwa halitaki mashimo ya barabarani. Watoto wakachanga, wakamkatia mama yao tiketi ya ndege. Na jana yake mama akapiga simu, akasema hivi:

— Baba, sitaki makubwa. Nikishuka nikukute pale. Hili jicho moja limefungwa, hili lingine ndilo lile la zamani, linaona vivuli tu. Usiniache nishikwe mkono na mtu nisiyemjua.

— Utanikuta, alisema Soli.

Sasa, siku ya kwenda, Soli alikuwa amemfikisha mkewe stendi alfajiri kwa basi la saa tatu asubuhi. Mama akakaa juu ya begi lake mpaka miguu ikafa ganzi, akamwambia, "Saa wameziandika kwenye tiketi, Baba. Si mapambo." Neno hilo lilimwingia. Safari hii alitaka afike kwa dakika, kama watu wanaojua kusoma wanavyofika. Ndiyo maana akaenda duka la kuchapisha, binti wa pale akatafuta kwenye kompyuta, akamtolea karatasi.

— Leteni masikio, alisema Soli akiketi. Nasoma mwenyewe. Hakuna kunisaidia.

— Hatuna mpango huo, alisema Diwani.

Soli akaweka kidole. Akasoma taratibu, neno kwa neno, na kila neno akilimaliza anapumua:

— Umbali... kutoka uwanja... hadi uwanja. Kilomita mia mbili na kumi na nane. Muda wa kuruka. Dakika hamsini na tano.

Shangazi akasema hongera kaka. Rubani akasema sauti ilikuwa nzuri. Diwani akanywa kahawa yake, akaiweka chini.

— Soli.

— Naam.

— Basi linakwenda kilomita mia nne na kumi. Kibao kiko pale njia panda. Wewe mwenyewe ulitusomea.

— Nilisoma.

— Mia nne na kumi. Sasa hawa wanasema mia mbili na kumi na nane. Mji ni uleule?

— Uleule.

— Haujahamishwa?

— Mkewe yuko huko, alisema Shangazi. Ungehamishwa angetuambia.

— Basi mtu anieleze, alisema Diwani. Kilomita mia na tisini na mbili zimekwenda wapi?

Soli aliitazama karatasi, akaigeuza, nyuma hakukuwa na kitu.

— Hewani hakuna kona, alisema Rubani, kwa sauti ya mtu aliyeulizwa jambo la kazini kwake.

— Kona zimekula kilomita mia na tisini na mbili? Zitaje.

— Ndugu yangu, wewe hujapanda.

— Sijapanda, lakini kona nazijua. Mimi nawaambia siri ya ile barabara. Wakati wa kuijenga kila mheshimiwa alitaka lami ipite kwao. Huyu ipite kwa mama yake. Huyu ipite kwa wakwe. Mmoja akataka ipite mahali alipozaliwa, na mwenyewe hapakumbuki vizuri, ikabidi wapite kotekote ili wasikose. Ndege haina wakwe.

— Hilo ni kweli kiasi, alisema Rubani. Lakini hujafika kwenye kiini. Kiini ni baridi.

— Baridi gani?

— Kule juu ni baridi kali. Na kitu chochote kikipigwa na baridi kinajikaza. Muulize fundi yeyote wa mabati. Bati la mchana si bati la alfajiri. Sasa kilomita nayo ni kipimo, na kipimo ni kitu. Kilomita ya juu ni fupi.

— Kwa hiyo mtu akisafiri kwa basi wakati wa baridi atafika mapema?

— Si sana. Lakini atafika mapema.

Soli alikuwa ameanza kushona kiatu cha mteja, sindano mkononi, karatasi gotini. Hakuingia kwenye ubishi. Kwake yeye jambo lilikuwa limeandikwa. Kumi na nane ilikuwa kumi na nane na hamsini na tano ilikuwa hamsini na tano, na kama barabara ilikuwa na malalamiko ikachapishe karatasi yake.

Simu ikalia. Saa nne na dakika kumi. Akaiweka sikioni na wote wakanyamaza, hata Diwani.

— Baba, tumeshakaa. Wanafunga mlango. Nimeambiwa nizime simu.

— Zima, mama. Zima kabisa.

— Utakuwepo?

— Karatasi ninayo mkononi.

— Sikuuliza karatasi, alisema mkewe, na simu ikakatika.

Soli akahesabu kwa vidole, akaandika kwa chaki chini ya soli ya kile kiatu cha mteja: saa tano na dakika tano. Akawaonyesha.

— Nenda ukakae huko getini, alisema Shangazi. Peleka sindano yako, ukashonee huko.

— Shangazi, saa nzima? Nikafanye nini? Mlinzi wa pale hapendi watu wanaozurura. Na ndege ikija lazima ipite hapa juu. Nikiiona tu nainuka. Haijazima injini, mimi nimefika.

— Haya, alisema Shangazi, akachochea mkaa.

Rubani alikuwa bado hajamaliza.

— Kuna jambo jingine sijawahi kuwaambia, alisema. Nililiogopa.

— Tuambie tu, alisema Diwani. Sisi ni watu wako.

— Ile ndege haiendi.

— Haiendi?

— Inapanda. Ikishapanda inatulia. Nilikaa dirishani, nikachungulia. Sisi tulikuwa tumetulia kabisa, chai kwenye kikombe haikutikisika. Nyumba ndizo zilizokuwa zinapita. Mito inapita. Milima inakuja yenyewe. Dunia inazunguka chini, mji wako ukifika chini yako, mnashuka. Ndiyo maana kilomita ni chache. Nyingine inazimaliza dunia yenyewe.

Diwani alifikiri. Alikuwa na desturi ya kufikiri akiwa amekunja mkono kama ameshika pasi.

— Na kurudi?

— Kurudi ndiyo kazi. Kurudi dunia inakwenda kinyume na wewe. Tiketi ya kurudi uliwahi kuiona? Ina maandishi mengi kuliko ya kwenda.

— Shemeji leo yuko kwenye kurudi, alisema Diwani.

— Ndiyo maana hamsini na tano. Kwenda ingekuwa ishirini.

Hapo Soli aliinua kichwa, akafurahi. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kutoa sababu inayoiheshimu karatasi yake.

Saa nne na dakika arobaini na nne, ndege ikapita juu ya kijiwe.

Haikupita mbali. Ilipita juu ya paa la duka la vifaa vya ujenzi, tumbo lake likionekana, magurudumu yameshatolewa, na kahawa kwenye vikombe ikafanya mawimbi. Soli alikuwa wima kabla hajajua. Kiatu cha mteja kilianguka. Akachukua kofia.

— Unakwenda wapi? aliuliza Diwani.

— Ndege hiyo.

— Ndege ipi?

— Hiyo iliyopita! Hujaiona?

— Nimeiona. Nauliza ni ndege ipi. Saa hizi ngapi?

Soli akatazama simu.

— Saa nne na dakika arobaini na nne.

— Shemeji kapanda saa ngapi?

— Na dakika kumi.

— Hizo ni dakika ngapi?

Vidole vikahesabu.

— Thelathini na nne.

— Karatasi inasema ngapi?

Soli akaiokota karatasi. Alikuwa ameshashika kofia, mguu mmoja uko barabarani, mwingine bado uko kijiweni.

— Isome, alisema Diwani. Usinitegemee mimi, mimi si niliikataa? Nikasema kilomita zimepotea. Ukasema imeandikwa. Haya, isome.

— Hamsini na tano.

— Basi ile si ya shemeji.

— Kaka, alisema Shangazi, nenda kaangalie. Dakika tatu tu. Si yeye, unarudi.

— Shangazi, akienda atakuwa amekubali karatasi inasema uongo, alisema Diwani. Mimi sina neno. Aende. Lakini kesho asije kutusomea kitu hapa.

Na Soli, ndugu zangu, alisimama pale. Masikio yake yalisikia ndege imegusa chini, yakaisikia inanguruma kujizuia, yakaisikia inazima. Macho yake yalikuwa yameona. Lakini mkononi alikuwa na kitu alichokisoma mwenyewe, bila kusaidiwa, kuanzia herufi ya kwanza hadi ya mwisho. Ukiwa na miaka hamsini na minane, na miwili tu ndiyo ya kusoma, kuyaambia maandishi "hapana" kunahitaji kifua, na yeye kifua hicho hakuwa nacho bado.

— Ile ina mkia mwekundu, alisema Rubani. Ya abiria mkia wake ni wa kijani. Mimi nilipanda ya kijani.

— Miaka kumi na moja iliyopita, alisema Shangazi.

— Rangi nazijua, Shangazi. Ni kazi yangu.

— Ile ni ya wakubwa, alisema Diwani. Kuna wakubwa wanakuja kukagua. Nilisikia.

— Kukagua nini?

— Hawasemi. Wakisema si kukagua tena.

Soli akaketi. Akaiweka kofia gotini, juu ya karatasi. Akakiokota kiatu, akapoteza tundu la sindano, akalitafuta.

Saa tano kasoro dakika tano ile ndege ikaruka tena. Ikapanda, ikapinda, ikaenda zake upande ilikotoka.

— Umeona? alisema Diwani. Dakika kumi tu wamemaliza kukagua. Ingekuwa ya abiria ingekaa ipumzike.

— Lazima ipumzike, alisema Rubani. Imetoka kupigana na dunia.

Soli akatikisa kichwa kukubali. Akapiga simu kwa mkewe. Haipatikani.

— Hiyo ndiyo dalili, alisema Rubani. Simu imezimwa, maana yake bado wako juu. Wangeshuka angeiwasha.

— Ndiyo, alisema Soli. Ndiyo. Angeiwasha.

Akavuta pumzi. Kwa dakika kumi zile alikuwa mtu mwenye amani, na mimi nasema hivyo kwa sababu hakuipata tena siku hiyo.

Saa tano na dakika tano ikafika. Soli alikuwa amesimama, kofia kichwani, shati amelichomekea, uso ameupangusa kwa kitambaa. Akatazama juu. Mbingu ilikuwa tupu, safi, imefuliwa.

Na dakika nane.

— Saa yako inakimbia, alisema Rubani.

Na dakika kumi na mbili.

— Inasubiri upepo, alisema Rubani. Haiwezi kushuka tu. Yangu ilizunguka mara mbili.

Na dakika kumi na tano.

— Shangazi, niongezee, alisema Diwani.

— Imebaki ya vikombe viwili.

— Mmoja mimi, mmoja Soli.

— Soli hanywi, alisema Shangazi. Mtazame.

Kweli Soli alikuwa haonekani kama mtu wa kunywa kitu. Rangi ya midomo yake ilikuwa imeondoka. 

— Inaweza kuwa imepitiliza, alisema Rubani.

— Imepitiliza vipi?

— Kama dereva amezoea kilomita ndefu za chini, akizitumia kule juu ambako ni fupi, atajikuta amepita. Hapo mpaka ageuze.

— Au ameshuka kwingine, alisema Diwani. Viwanja hivi vinafanana. Vyote bati la bluu. Vyote soksi imechanika. Dereva akiangalia vibaya anashusha watu, anaondoka. Wao wanajikuta wako mji wa watu, na kila mmoja anaona haya kuuliza.

— Nyamaza, Diwani, alisema Soli.

Hakuwahi kumwambia hivyo. Diwani akashika kikombe chake.

— Kaka, alisema Shangazi. Geti liko pale. Nenda kaulize.

Soli hakwenda. Mwanzo alikataa kwenda kwa sababu ya karatasi. Sasa karatasi alikuwa ameisahau, ilikuwa imekunjamana mkononi na hakuiona. Sasa aliogopa. Pale getini kulikuwa na mtu anayejua. Mtu mwenye redio ya mawasiliano kiunoni, anayeweza kufungua mdomo akasema neno moja, na likishasemwa halirudi. Hapa kijiweni hakuna aliyejua chochote. Mpaka hapo mkewe alikuwa hajafika, basi. Soli alitaka abaki hivyohivyo, hajafika, kwa dakika nyingine mbili tatu.

Akapiga simu. Haipatikani.

— Nilimwambia azime kabisa, alisema, si kwa mtu yeyote.

— Tuangalie tu, alisema Rubani kwa upole, na huo upole ndio ulimtisha Soli zaidi. Kama iko, itaonekana. Mimi nitashika upande wa mlimani. Diwani shika katikati. Wewe shika huku, upande upepo unakotoka.

Wakasimama wote watatu, migongo imegusana karibu, vichwa vimelala nyuma.

— Ile!

— Wapi?

— Pale, juu ya nguzo. Kitu cheusi.

— Kunguru yule.

— Kunguru gani hapigi ubawa?

— Amechoka.

— Ameupiga. Ameupiga, ni kunguru.

— Na ile nyeupe?

— Wingu.

— Linakwenda mbona.

— Mawingu yanakwenda, Diwani. Ndiyo kazi yao.

Shangazi peke yake hakuangalia juu. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake anafuta vikombe, na alimwona mlinzi wa geti akitokea kwenye kona ya uzio, anatembea hatua fupi fupi, amemshika kiwiko mwanamke aliyefungwa kitambaa cheupe kwenye jicho la kulia. Begi limeninginia begani kwa mlinzi. Wakasimama kungoja pikipiki ipite. Wakavuka. Shangazi akafuta kikombe kingine. Angeweza kusema. Alishasema mara tatu asubuhi ile.

Mlinzi akamfikisha mama mbele ya ubao. Akakohoa. Hakuna aliyeshusha kichwa.

— Hiyo hapo, hiyo hapo! alisema Rubani.

— Mnangoja nini? aliuliza mama.

— Ndege, alisema Diwani, macho yako mbinguni.

— Ipi?

— Ya shemeji. Aliyokuja nayo.

Neno likamtoka lote kabla halijamrudia. Diwani alishusha kichwa polepole, kama mtu anayeteremsha mzigo asiotaka uanguke. Rubani naye. Soli alikuwa wa mwisho. Aliijua ile sauti tangu neno la kwanza, lakini shingo ilikataa.

Mkewe alikuwa amesimama pale, mzima, amevaa gauni lile la safari, vumbi miguuni. Jicho la zamani lilikuwa linatafuta, likatulia kwenye kivuli kilichokuwa mwisho wa ubao.

— Nilikaa pale ndani mpaka kila mtu akachukuliwa na watu wake, alisema. Hakuwa amekasirika, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Wakafunga mlango. Huyu baba akaniuliza, mama wewe ni wa nani? Nikamwambia ninaye mtu. Akanizungusha mpaka kwenye kona, nikasikia watu wanabishana habari ya kunguru. Nikamwambia ndio hao.

— Simu... alisema Soli. Simu yako...

— Niliambiwa nizime. Hakuna aliyeniambia niwashe.

Mlinzi akaweka begi chini. Akawatazama wote watatu, mmoja mmoja, kama anayetaka kuwakumbuka.

— Ilichukua dakika ngapi, shemeji? aliuliza Rubani. Hakuweza kujizuia.

— Sikuhesabu, baba. Nilikuwa nimefumba jicho. Ndege ilipopita hapa juu, hamkuisikia?

— Tuliisikia, alisema Soli.

— Ukaiona?

— Niliiona.

— Ukainuka?

— Niliinuka.

— Halafu?

Soli akafungua mdomo. Akamtazama Diwani, Diwani akatazama uzio. Akamtazama Rubani, ambaye ana jibu la kilomita, la baridi na la dunia kuzunguka, na Rubani akainama kufunga kamba ya kiatu ambacho hakikuwa na kamba. Shangazi alimimina kahawa yote iliyobaki kwenye kikombe kimoja, akampa mlinzi, naye akainywa akiwa amesimama, akisubiri kusikia.

Pikipiki ikapita, ya pili ikapita.

Soli akavuka ile nafasi ndogo iliyokuwa kati yao, akanyoosha mkono. Mkewe alichelewa kidogo kutoa wake. Lakini aliutoa. Akamwachia mlinzi kiwiko, akamshukuru kwa jina, maana alishamuuliza njiani. Wakaenda, Soli begi begani, akimtajia kila jiwe: hapa panda, hapa shuka, hapa kuna maji, ruka. Wale wengine waliwatazama mpaka wakaingia uchochoroni.

Nami niinuke hapo, nimeshakaa sana na mkutano wenu. Na mimi siku ile nilikuwa kwenye ubao, katikati ya Diwani na Soli, na sikufungua mdomo hata mara moja, kwa hiyo msije mkadhani nawacheka wenzangu. "Halafu?" ya yule mama bado iko pale ilipoachwa. Naenda kutembea kidogo. Nikirudi, kama kuna mmoja wenu atakuwa amepata la kumjibu, aniambie mimi kwanza, nimpelekee Soli kabla hajarudi nyumbani leo jioni.